Roda Mbili za Mashine ya Ami

Tepu ya rili ya ami yangu ilikaa juu ya kabati la shangazi, mtaani Kibokoni hapa Mombasa, kwa miaka 30, ikiwa imefunikwa leso kuukuu, na juu ya leso pamepangwa masinia ya harusi. Niliishusha Desemba 2019, shule zikiwa zimefungwa, nikisaidiwa na vijana wawili wa jirani, kwa sababu mashine za namna hiyo ni nzito kuliko zinavyoonekana. Yetu ina kilo 17, na karibu uzito wote uko nyuma, kwenye transfoma, mota, na gurudumu zito la chuma ambalo kazi yake ni kuzuia mwendo wa ukanda usiyumbe. Pamoja nayo kulikuwa na rili 14 ndani ya maboksi ya karatasi ngumu, mengi yakiwa na mwandiko wa ami kwa kalamu ya wino: tarehe, mahali, jina la aliyeolewa na la mwimbishaji. Haja ya shangazi ilikuwa moja tu. Mama yake, ambaye ni nyanya yangu, alifariki 1983 na kuacha picha mbili, zote za kitambulisho. Katika rili hizo yumo akiimba, na shangazi alitaka kuisikia sauti ile kabla na yeye hajafumba macho.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye kaseti, au asiyeiwahi hata hiyo kaseti, mashine yenyewe si vigumu kuielewa. Ukanda wa plastiki wenye upana wa milimita 6.35, uliopakwa oksidi ya chuma upande mmoja, hutoka kwenye rili ya kushoto, hupita mbele ya hedi tatu, yaani ya kufuta, ya kurekodi na ya kusomea, kisha hujikunja kwenye rili ya kulia. Kinachouvuta si rili. Ni kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka muda wote, pamoja na gurudumu la mpira linaloukandamiza ukanda juu ya kijiti hicho. Mwendo wa kijiti ndio mwendo wa ukanda, na ukanda ukienda polepole sauti hushuka, ukienda mbio sauti hupanda. Haya niliyasoma na kuyakariri miezi kadhaa kabla sijayaelewa.

Teknolojia hii ilikuwa na umri wa kutosha ilipotufikia. Mhandisi Fritz Pfleumer, huko Ujerumani, alipata hataza ya karatasi iliyopakwa unga wa chuma mwaka 1928. Kampuni ya AEG ikaionyesha mashine yake, Magnetophon, mjini Berlin mwaka 1935. Baada ya vita mhandisi Mmarekani Jack Mullin akarudi kwao na mashine mbili za Wajerumani, na kuanzia 1948 Ampex wakauza za kwao. Philips walipoleta kaseti mwaka 1963, ukanda wake ulikuwa na upana wa milimita 3.81 tu na mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, ilhali rili za nyumbani zilikwenda sentimita 9.5 au 19. Kwa hiyo ami, aliyekuwa baharia, aliponunua mashine yake mwaka 1969 katika duka la mabaharia karibu na bandari ya Kobe, hakuwa amepitwa na wakati. Kaseti ya siku zile ilitosha kwa maneno, lakini kwa muziki, mtu aliyejali sauti alinunua rili.

Nilianza vibaya kwa sababu ya haraka. Badala ya kuitengeneza mashine, nilichukua rili ya harusi ya shangazi mwenyewe, ya mwaka 1971, nikampelekea mtu mmoja mjini aliyekuwa na mashine kubwa ya studio. Baada ya siku mbili alinipa faili kwenye flashi, nami nikamlipa. Tulipoifungua nyumbani, wanawake walikuwa wakiimba, na chini yao wanawake wengine walikuwa wakiimba kinyumenyume, maneno yakianzia mwisho na kumezwa mwanzoni. Shangazi alisoma audhu billahi, akaniambia nizime.

Hapakuwa na jini. Mashine nyingi za studio hugawa upana wa ukanda mafungu mawili, na za nyumbani huugawa mafungu manne: la kwanza na la tatu hurekodiwa ukanda ukienda, kisha rili hugeuzwa na la pili na la nne hurekodiwa ukanda ukirudi. Hedi ya studio ni pana, kwa hiyo ikipewa ukanda wa nyumbani husoma fungu la kwenda na la kurudi kwa pamoja, moja likiwa sawa na jingine likiwa kinyume. Yule bwana alipaswa kuniuliza, na mimi nilipaswa kumwambia, lakini sikujua kuwa swali hilo lipo. Katika mchafuko ule niligundua pia kwamba sauti za wanawake zilikuwa nyembamba kupita kiasi, nikadhani nao ni mchafuko uleule. Nililisahau jambo hilo, na laiti ningaliliandika.

Ndipo nikaipeleka mashine kwa fundi wa redio wa Majengo, mzee aliyepita miaka 70, ambaye katika ujana wake alizitengeneza kwa wingi. Nilikiri kwake kwamba nilikuwa nimeshaitia kwenye umeme mara moja, nikaona moshi mwembamba, nikachomoa. Alinitazama juu ya miwani.

“Mwalimu, wewe ukilala miaka 30, kisha ukaamshwa ukaambiwa kimbia, utakimbia?”

Moshi ulitoka kwenye kapasita moja ya karatasi iliyopasuka. Aliibadilisha pamoja na wenzake, kisha akaiwasha mashine kupitia balbu ya wati 100, ile ya zamani ya waya ndani, aliyoiunganisha kwa mfululizo na waya wa umeme. Kama ndani kuna hitilafu kubwa, balbu huwaka kwa nguvu zote na mashine husalimika. Kama ni salama, balbu hung’aa kwa nukta moja kisha hufifia. Ilififia. Belti ilikuwa imeyeyuka na kuwa kitu kama lami, tukakaa zaidi ya saa nzima tukiifuta kwa pamba na spiriti, na hata leo vidole vyangu vinaukumbuka weusi ule. Grisi ilikuwa imekauka kama gundi. Hedi alizisafisha kwa alkoholi ya isopropili, lakini gurudumu la mpira akaliosha kwa sabuni na maji, akisema kwamba alkoholi hukausha mpira, na mpira mkavu huutelezesha ukanda. Mwisho akaziondolea hedi usumaku kwa kifaa kama kalamu nene. Alikiwasha mbali, akakisogeza polepole, akakirudisha mpaka urefu wa mkono, ndipo akakizima, kwa kuwa ukikizima kikiwa karibu huacha usumaku mkubwa kuliko uliokuwapo.

Alipokuwa akivisha belti mpya ndipo alipoiona roda. Kwenye shina la mota kuna roda ndogo ya shaba nyeupe ambayo belti hupita juu yake kwenda kuzungusha gurudumu zito. Aliigeuza chini ya taa, akasoma namba.

“Mashine hii imetoka wapi?”

“Japani, Kobe.”

“Basi ndiyo. Hii ni ya Hezi 60. Sisi hapa ni 50.”

Japani imegawanyika mara mbili kwa umeme hadi leo. Tokyo walinunua mitambo yao ya mwanzo Ujerumani, ya Hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na Osaka wakanunua ya Marekani, ya Hezi 60, karne ya 19 ikielekea ukingoni, na hakuna upande uliowahi kukubali kubadilika. Kobe iko upande wa 60. Laiti ami angaliinunua Yokohama, nisingekuwa na la kuandika. Kitufe cha volti kilicho nyuma alikigeuza, au aligeuziwa, kutoka 100 hadi 240, kwa sababu kosa la volti hutoa moshi siku hiyohiyo. Kosa la masafa halitoi moshi. Mota ya aina ile hufuata mawimbi ya umeme, kwa hiyo ikipewa mawimbi 50 badala ya 60 huzunguka kwa sita ya tano ya mwendo wake, basi. Hapo nimekosea tena, kama nilivyokosea siku ile: ni tano ya sita.

Tulipofungua kifuniko cha chini tukakuta bahasha ndogo ya karatasi imebandikwa ndani, na katika bahasha roda ya pili, nene kidogo, yenye namba 50. Ilikuwa humo tangu Kobe. Kabla ya kuibadilisha, fundi alitaka kupima. Tulitandaza ukanda mtupu kwenye ukumbi wa jengo lake, tukapima mita 19.05 kwa futi ya fundi cherehani, tukaweka alama mwanzo na mwisho. Mashine ikiwekwa kwenye sentimita 19.05 kwa sekunde, urefu huo unapaswa kupita kwa sekunde 100. Kwa roda ya zamani ulipita kwa sekunde 120. Akaweka roda nene, akahamisha waya wa kapasita ya mota kwenye mguu mwingine, tukapima tena, sekunde 100. Nilifurahi kama mtoto, nikaziandika namba zote mbili kwenye daftari. Fundi alikuwa akiishika mota na kutikisa kichwa. Mota ya 60 ikiendeshwa kwa 50, alisema, hula umeme zaidi na hupata moto. “Hii imepikwa miaka 20. Sijui imepona vipi.”

Usiku ule niliiweka mashine mezani kwa shangazi, nikavuta ukanda wa 1971 kupita kwenye hedi, nikabonyeza. Sauti ilikuwa safi ajabu. Pembe za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, zikagongwa, wanawake wakaitikia, na juu yao mwimbishaji mmoja akipanda na kushuka. Nikamtazama shangazi nikitaraji machozi. Alikuwa amekunja uso.

“Huyo si mama.”

“Shangazi, boksi limeandikwa jina lake.”

“Boksi ni boksi. Mama alikuwa na sauti nzito. Ukimsikia ukiwa nje hungeingia, ungedhani kuna mwanamume. Huyu ni mtoto wa chuo.”

Nilimjibu jambo ninalolionea haya. Nilimwambia, kwa upole lakini nilimwambia, kwamba miaka 48 ni mingi, na kwamba kumbukumbu ya mtu mzima hujitengenezea sauti yake. Hakukasirika. Alinyamaza, akasikiliza tena, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyoniokoa.

“Haya, mimi nimesahau. Na vugo nalo limesahau? Vugo hupigwa kwa mwendo wa mtu kutembea. Kwa mwendo huo, bibi harusi angefika kwake anahema.”

Nilianza kutafuta kosa mahali pasipo penyewe. Nilishuku belti mpya, nikampigia fundi, akanikumbusha sekunde 100. Nilishuku kwamba ukanda umevutika kwa joto la kabatini, lakini ukanda uliovutika hukunjamana na kuzifanya sauti ziyumbe, na hizi hazikuyumba hata kidogo. Kisha nikaikumbuka ile faili ya studio. Niliifungua, nikavumilia ile miimbo ya kinyume, nikamsikiliza mwimbishaji peke yake: sauti ileile nyembamba, mwendo uleule wa mbio. Mashine mbili zilizo sahihi, zisizojuana, zilikuwa zinasema jambo moja.

Katika rili nyingine ami alikuwa ameweka maikrofoni mbele ya redio na kunasa taarifa ya habari ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ile iliyoanza 1957. Kabla ya habari kulikuwa na ile milio sita ya saa, kila mmoja ukiachana na mwenzake kwa sekunde moja, kwa hiyo kutoka wa kwanza hadi wa sita ni sekunde tano kamili. Nilipima kwa simu mara nne. Sekunde nne na kidogo. Redio ya London haiwezi kukosea saa.

Ushahidi uliomaliza ubishi ulitoka kwenye kitu ambacho kila mtu hujitahidi kukiondoa, yaani ule mvumo wa umeme unaosikika chini kabisa, nyuma ya nyimbo. Niliingiza sauti kwenye kompyuta, kwenye programu ya bure iitwayo Audacity, nikaiambia inichoree masafa ya kipande ambacho hakuna aliyekuwa akiimba. Mstari mmoja ulisimama kwenye Hezi 50, nao ni mvumo wa mashine yangu na umeme wa siku ile. Mwingine ulisimama kwenye 60, na mtoto wake kwenye 120. Katika mji huu hapajawahi kuwa na umeme wa Hezi 60. Mvumo wa pili ulikuwa umerekodiwa kwenye ukanda wenyewe mwaka 1971, ukiwa 50 kama mvumo wowote wa Mombasa, na mashine yangu iliyotengenezwa ilikuwa inaukimbiza mpaka 60. Na kila kilichokuwa kwenye ukanda kilikimbizwa pamoja nao.

Nafundisha hisabati kwa riziki yangu. Namba 100 na 120 zilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, tangu siku ya fundi. Mashine ilirekodi harusi zote ikiwa mvivu kwa tano ya sita, na ilizisoma ikiwa mvivu vilevile, kwa hiyo makosa mawili yalifutana na hakuna aliyesikia lolote kwa miaka 20. Sisi tulipoondoa kosa moja, lile jingine likabaki peke yake kwenye ukanda, likapandisha kila sauti kwa vitufe vitatu vya kinanda, vyeupe na vyeusi vikihesabiwa pamoja. Hata ami alikuwa ameniachia alama na sikuisoma. Ukanda wa mita 549, kwa mwendo wa sentimita 9.5, humalizika kwa saa moja na dakika 36. Kwenye boksi mojawapo ameandika, kwa fahari, kwamba mashine yake hula ukanda kidogo na upande mmoja humpa saa moja na dakika 55.

Fundi hakufurahi nilipomwomba airudishe roda ndogo. “Nimeitengeneza, sasa niiharibu?” Aliirudisha hata hivyo, na usiku ule shangazi alisikiliza rili nzima ya kwanza bila kusema neno, akiwa amejifunika leso usoni. Nami niliisikia sauti ya nyanya kama nilivyokuwa nikiisikia nikiwa na miaka minane, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa pumzi, nikaona aibu kwamba mimi mwenyewe sikuikosa nilipoletewa nyembamba.

Kusoma rili zote 14 kwa roda ndogo, hata hivyo, kungekuwa kuipika mota upya, na mota za namna ile hazipatikani. Baada ya rili tatu nilirudi kwenye roda nene, nikasoma ukanda kwa mbio, kisha nikaupunguza kwenye kompyuta kwa tano ya sita. Anayetaka kufanya hivyo aangalie jambo moja: programu hizo zina njia ya kupunguza mwendo na sauti kwa pamoja, na zina njia nyingine ya kupunguza mwendo bila kuigusa sauti. Hii ya pili, ambayo ndiyo watu huisifu, hapa itakupa vugo la mwendo sahihi likiimbwa na watoto. Nililinganisha rili zile tatu kwa njia zote mbili, ya roda na ya kompyuta, na sikio langu halikuona tofauti ya kunikosesha usingizi.

Sikuweza pia kuzipunguza zote kibubusa. Rili mbili, ambazo ami aliziandika “kutoka Dar”, zilirekodiwa na rafiki yake kwa mashine nyingine, na mvumo wake ulisimama kwenye 50 tupu. Na zilikuwapo rili mbili za muziki wa dukani alizonunua Kobe pamoja na mashine. Hizo zilikuja kusikika sawasawa kwa mara ya kwanza mwaka 2020, zikiwa na miaka 51. Shangazi aliniambia kwamba nyanya hakuzipenda kamwe. Alikuwa akisema watu wale huimba kama wenye usingizi.

Rili moja niliipoteza, kwa kiasi. Ilikuwa mpya kuliko zote, ya 1979, na nilidhani upya wake ni afya. Ilipoanza kupita ikapiga kelele kama bawaba kavu, nami badala ya kusimamisha nikaongeza sauti nisikie vizuri. Nilipokuja kuzima, hedi zilikuwa zimejaa uji wa kahawia, na uji ule ndio nyimbo. Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa kwa gundi inayonyonya unyevu wa hewa na kuanza kunata, na Mombasa ina unyevu wa kugawia dunia. Dawa yake ni joto dogo la muda mrefu, kama nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa nane au zaidi, katika kifaa kinachoshika joto bila kuyumba; niliazima kikaushio cha matunda, nikaipima kwa kipimajoto kila nusu saa, ukanda ukapona kwa muda wa kutosha kuunakili. Dakika sita za mwanzo hazikurudi. Dawa hiyo si ya kila ukanda, na hapa ndipo watu huua vitu. Kanda za zamani zaidi za asetati hazipaswi kupashwa moto kabisa. Kuzitambua ni rahisi: shikilia rili mbele ya taa na uitazame kwa ubavu, ya asetati hupitisha mwanga. Zile mbili za Dar zilikuwa za asetati, nazo zilikatika mara nne, lakini hukatika kwa usafi kama tambi mbichi na huungika kwa utepe maalumu bila kupoteza hata silabi.

Shangazi aliweka sharti moja, kwamba nyimbo za wanawake zisitoke nje ya nyumba, kwa kuwa waliziimba wakijua hakuna mwanamume uani isipokuwa yule anayegeuza rili. Nakala zimo kwenye diski mbili, moja kwake na moja kwangu, na kwa kuwa si za kuuza wala kurushwa, sikuwa na sababu ya kuzipamba. Isipokuwa kelele moja iliyokuwa ikiniudhi. Katika rili zote zilizorekodiwa nyumbani kulikuwa na mnong’ono wa upepo, unakuja na kwenda, kama mara moja kwa sekunde, wakati mwingine ukikatika kwa dakika nzima na kuanza tena. Nilidhani ni rili iliyopinda inayosugua boksi lake, lakini rili hubadilisha kasi ya mzunguko kadiri ukanda unavyopungua, na mnong’ono huu ulikuwa uleule mwanzo hadi mwisho. Nilidhani ni gurudumu la mpira, lakini haukuwapo kwenye kanda za dukani. Nilikuwa nimeshaifundisha programu kuutambua na kuufuta, na nilimwita shangazi asikie tofauti kabla sijauondoa katika zote.

Alisikiliza ile iliyosafishwa, akaniambia nimrudishie ya mwanzo.

“Hicho ni kipepeo cha ukili,” akasema. “Mashine ilikuwa ikipata moto, na ami yako alishamwambia mama kwamba ikiungua hakuna nyingine mpaka arudi Japani. Waya wa ile maikrofoni ulikuwa mfupi, kwa hiyo mama alikaa papo hapo kando yake, akaimbisha huku anaipepea.”

Alichukua gazeti lililokuwa mezani, akalikunja mara mbili, akaanza kuipepea mashine ili nione, ukanda ukiwa bado unazunguka.